Chupa ya Lambo Kwenye Dirisha la Mayu Holo

Nilifika kwenye msiba wa Mayu Holo, yaani Mama Holo kwa Kisukuma, nikiendesha gari langu mwenyewe, nikaliegesha mahali ambapo kila mtu angeliona, kwa sababu gari lile sikupewa na mtu. Nilianza na diploma moja ya maabara na begi lenye zipu mbovu, nikafanya kazi katika nchi tatu, nikarudi Bariadi kufungua maabara yangu yenye hadubini nne na jenereta yake. Sisemi haya ili kuwaringia waombolezaji. Nasema ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyeitwa na binti wa marehemu, Kabula, mchana ule, akaingia katika chumba cha marehemu, akaona chupa kwenye dirisha, akashika fremu ya mlango. Ilikuwa chupa ya jemu. Chini ilikuwa na matope meusi, juu yake maji maangavu, na mfuniko ulikuwa umelegezwa kidogo ili hewa ipite. Ubavuni ilibandikwa plasta ya karatasi iliyogeuka njano, maandishi yake yamefutika, lakini mkato wa mkasi kwenye ile plasta niliufahamu, kwa kuwa mkono uliokata ulikuwa wangu. Kabula akaniuliza, "Unaikumbuka?" Nikamjibu hapana. Hilo lilikuwa jambo la kwanza nililolisema katika chumba kile, nalo lilikuwa uongo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu mwaka ule, nimerudi kutoka chuoni Mwanza na diploma ambayo wino wake ulikuwa bado unanuka. Daktari Anneth alikuwa ametoka chuo kikuu cha nje kutafuta bakteria wa aina fulani wanaoishi katika matope ya maji yaliyotulia. Bakteria hao wana vipunje vya chuma ndani ya miili yao, vimepangwa mstari kama shanga, na ukiwawekea sumaku huogelea kuifuata. Alitaka fundi wa maabara anayejua Kisukuma na anayeweza kukaa kijijini bila kulalamika. Tulifika kumi na wawili kwenye usaili, nikachaguliwa mimi. Nilimsikia akimwambia dereva wake nje ya mlango, "Huyu anajisifu sana, lakini mikono yake haitetemeki." Maneno hayo niliyabeba kifuani kama medali. Kwa muda wa miezi minane, ilikuwa kweli kwamba mikono yangu haikutetemeka.

Tulipanga chumba kwa Mayu Holo, katika kijiji kimoja cha kata ya Sapiwi ambacho jina lake nitaliacha, kwa sababu wapo waliokuwamo bado wanaishi pale. Alikuwa mjane wa makamo anayeelekea uzeeni, mwenye vyumba vitatu vya tofali za kuchoma chini ya bati lililotoa milio kwa joto la mchana. Chumba kimoja alilala yeye. Cha pili kilikuwa cha pamba, na msimu ulipofika kilijaa hadi karibu na paa, nami nililala humo juu ya pamba, nikiamka na nyuzi kwenye nywele na masikioni. Cha tatu ndicho kilichokuwa maabara: meza moja, hadubini moja, betri ya sola, na rafu ya mbao yenye chupa arobaini za matope. Daktari alifundisha kwamba chupa zisipigwe na jua, mfuniko usikazwe, na maji yakipungua yaongezwe taratibu bila kuvuruga matope. "Wakikauka," alisema, "tumerudi mwanzo." Mayu Holo alikuwa akifagia mlangoni. Hakuelewa mengi kati ya tuliyosema, lakini hilo alilielewa, na tangu siku ile alikuwa akipita na kikombe chake cha bati akiangalia chupa moja moja, kama mtu anayekagua vifaranga.

Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza kazi yenyewe ni nini. Nilimweleza kwa mfano wa maksai. Nilisema, "Mayu, chukua mpira mdogo kuliko punje ya unga. Huo hauna miguu. Sasa unawabandika hawa wadudu juu yake, kama unavyofunga maksai kwenye jembe. Wakiogelea, wanauvuta. Wewe unashika sumaku, hiyo ndiyo fimbo. Ukiipeleka kushoto, wanakwenda kushoto." Akauliza jembe hilo linalima nini. Nikamwambia hiyo ni roboti, na siku moja itabebeshwa dawa iende ndani ya mwili wa mgonjwa hadi penye uvimbe, iimwage pale pale. Aligeuza viazi vilivyokuwa jikoni. "Na maksai?" akauliza. "Wakishafika huko ndani, nani anawafungua?" Nilicheka. Baadaye katika nchi ya pili niliyofanya kazi, nilikaa katika chumba chenye mashine za gharama kubwa nikiwasikiliza maprofesa sita wakibishana swali hilo hilo kwa saa mbili, na nikatamani kama nisingecheka.

Chakula cha pale nakikumbuka kuliko cha hoteli zote nilizowahi kulala. Ilikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa maziwa mgando asubuhi, na ugali wa mtama kwa mlenda au dagaa mchana. Maziwa yalitoka kwenye kibuyu alichokitikisa mwenyewe akiwa ameketi chini, mguu mmoja umenyooka, na kikombe kilikuwa kimoja tu, kikipita kwa kila aliyekuwapo. Anayekipata mwisho alipaswa kukimaliza na kukigeuza juu ya sinia, mdomo chini. Siku yangu ya kwanza nilirudisha kikombe kikiwa na maziwa robo, nikidhani ni adabu. Alikitazama. "Mabula," alisema, "hapa kwangu mtu habakizi. Kubakiza ni kumwambia mwenye nyumba kwamba unaogopa mkono wake." Nikakinywa chote, nikakigeuza. Hatukurudia tena mazungumzo hayo, wala haikuhitajika.

Kosa langu lilianzia kwenye mzani wa pamba. Watu walikuwa wamepanga foleni na mizigo yao mbele ya ghala la chama cha msingi, jua limewachosha, na mimi nikaona ni mahali pazuri pa kuonekana. Nilileta kompyuta ya mradi, nikaiweka juu ya gunia, nikawaonyesha picha zinazotembea tulizorekodi kwenye hadubini: vitufe, ile mipira midogo, vinasukumwa na vijidudu, vinakwenda, vinageuka, vinarudi. Nilisimama pale na koti jeupe. "Nikisema nendeni, wanakwenda," niliwaambia. "Nikisema rudini, wanarudi. Hawaonekani kwa macho, hawali, hawalali, na wananisikia mimi." Wanawake walishika midomo. Masunga, aliyekuwa mkuu wa sungusungu wa kijiji, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti ya chini, aliuliza kutoka kwenye foleni, "Kijana, hao wadudu wako, ukiwatuma kwa ng'ombe wa mtu?" Watu wakacheka. Nami, kwa kuwa walicheka, nikataka wacheke zaidi. "Nikitaka, hata kwa ng'ombe," nikasema. Walicheka tena, lakini kicheko cha mara ya pili kilikuwa kifupi.

Mtu aliyelelewa kule anajua nilichokisema. Katika nchi yetu, anayefuga vitu visivyoonekana na kuvituma ana jina lake, na jina hilo limewaua watu. Mimi nililelewa kule. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, ila koti jeupe lilinisahaulisha. Juu ya kosa hilo niliongeza la pili. Daktari Anneth alipoondoka kwenda Dar es Salaam kusafirisha sampuli, aliacha agizo kwamba chupa zilizotumika, zile tulizokwisha kuzitia vitufe, zichemshwe kwanza kisha zimwagwe kwenye shimo. Kuni zilikuwa haba na mimi nilikuwa nimeshiba sifa. Nilichukua chupa tatu, nikatembea hadi kwenye lambo, bwawa la kijiji la kunyweshea ng'ombe, mchana kweupe, nikazimwaga nikisema warudi kwao. Mama mmoja aliyekuwa akifua ng'ambo alinyanyua kichwa, akaniangalia, akainamia nguo zake tena.

Siku tisa baadaye, nzagamba wa Masunga, dume aliyejulikana hadi Nkoma, alianguka hatua chache kutoka kwenye maji yale. Nilikwenda kumwona pamoja na wengine. Damu nyeusi isiyoganda ilikuwa inamtoka puani. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa wamekufa saba, wote waliokunywa maji pale. Nilisimama kando ya lambo nikihesabu chupa zangu tatu kichwani, na hofu iliyoniingia haikuwa ya watu, hiyo ilikuja baadaye kidogo. Ya kwanza ilikuwa kwamba huenda ni kweli. Huenda vile vitufe vilibeba kitu tusichokijua. Nilikwenda kwenye kichuguu, mahali pekee pa kupata mtandao, nikampigia Daktari.

"Ulimwaga bila kuchemsha?" aliuliza.

"Tatu tu."

"Mabula, nisikilize. Wale hawawezi kuua hata kuku. Hewa ya kawaida tu inawashinda. Mwiteni afisa mifugo leo hii. Na usimguse mzoga wowote."

"Nikiwaambia watu hivyo wataniamini?"

"Wewe ndiye unayejua kusema nao," alisema. "Si ndivyo ulivyoniambia kwenye usaili?"

Asubuhi iliyofuata nilimsalimia jirani, "Mwangaluka," akapita kama aliyesalimiwa na nguzo. Dukani muuzaji alisema chumvi imekwisha, na chumvi ilikuwa nyuma yake. Mayu Holo alikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani aliyekuwa akichukuliana naye moto kwa miaka yote, akarudi na kijiko kitupu. Alichakura majivu yake mwenyewe hadi akapata cheche. Nikiwa kwenye chumba cha pamba nilisikia wanawake wawili wakipita nyuma ya ukuta. Mmoja alisema, "Yule mtoto ni wa chuo tu, atajulia wapi? Mwenye nyumba ndiye aliyempa hao wadudu." Mwingine akasema, "Macho yake si umeyaona? Mekundu." Nililala chali juu ya pamba. Macho ya Mayu Holo yalikuwa mekundu kwa sababu ya kupikia samadi kavu kuni zilipoisha, kama ya kila mwanamke wa umri wake pale. Lakini nilijua kwamba kule macho mekundu huhesabiwa alama ya uchawi, na wanawake wanaotajwa macho mara nyingi hawafiki msimu unaofuata. Niliropoka mimi kwenye mzani, na panga lilikuwa linageukia shingo yake.

Ningependa kuandika kwamba nilibaki kwa ujasiri. Nilifungasha begi lile la zipu mbovu saa nne asubuhi, nikachukua baiskeli. Mayu Holo alikuwa ameketi mlangoni akitikisa kibuyu. Hakuinuka. "Ukienda," alisema bila kuacha kutikisa, "swali lako wataniuliza mimi." Nilimwambia naenda Bariadi kumharakisha afisa mifugo. "Sawa, mwanangu," alisema. Nilifika njia panda nikakuta vijana sita wameketi na marungu, na mmoja, tuliyesoma naye darasa la tatu, akaniambia kwa upole, "Daktari, rudi nyumbani. Kesho kuna kikao." Nikageuza baiskeli. Kilichonirudisha ni yale marungu, na nimewaambia watu wengi hadithi tofauti, kwa hiyo naiweka sawa hapa.

Kikao chenyewe, dagashida kama wanavyokiita, kilikuwa kwenye uwanja wa kununulia pamba, palepale nilipojisifu na kompyuta yangu. Wanaume walikaa duara, wanawake nyuma, mimi na Mayu Holo katikati tukiwa tumesimama. Masunga alizungumza kwa sauti yake ya chini ambayo ilitulazimisha wote kunyamaza. Alimwita yule mama wa kufua, akasimulia alichokiona. Kisha akanigeukia.

"Ulimwaga nini kwenye lambo?"

"Maji na matope, mzee. Yalitoka humo humo."

"Na wadudu wako wanaokusikia?"

"Wamo. Lakini hawaumizi. Hata ng'ombe mmoja hawawezi kumuua."

"Wewe ulisema hapa, mbele yetu, kwamba ukitaka, hata kwa ng'ombe."

"Nilikuwa najisifu," nikasema. Sikuwahi kusema maneno hayo kabla, na sauti yangu ilitoka nyembamba. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo amekuwa mpole kama ndama!" na wachache wakacheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko ukimya.

"Kama hawaumizi," Masunga alisema, "lete chupa moja. Unywe."

Nilitembea hadi nyumbani, vijana wawili wakinifuata, nikanyoosha mkono kwenye rafu na kuchukua chupa ya kwanza iliyonijia. Sikusoma plasta. Hilo nitalieleza. Nilirudi nayo nikasimama katikati ya duara nimeishika, na kila kitu nilichofundishwa chuoni kilikuja mbele ya macho yangu kwa pamoja: kichocho, homa ya matumbo, amiba, maji waliyoingia ng'ombe na mikojo yao. Bakteria wetu sikuwaogopa. Niliogopa mengine yote, na nyuma ya hayo yote walikuwapo wale ng'ombe saba ambao bado hatukujua kilichowaua. Mimi ndiye niliyesema hakuna madhara, na mimi ndiye niliyeshindwa kuinua mkono. Sekunde zilipita. Nilimwona kijana mmoja anabadilisha rungu kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama Mayu Holo.

"Nipe," alisema yeye.

Aliichukua chupa mikononi mwangu, akaukaza mfuniko, akaitikisa kama anavyotikisa kibuyu chake hadi matope yakapanda na maji yakawa rangi ya chai, akafungua, akanywa. Alikunywa mafunda matatu, nikiyaona yakishuka shingoni. Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Ladha yake ni ya lambo," aliwaambia. "Ninyi hamjawahi kuyanywa maji haya? Wanaume wazima!" Halafu akanikabidhi chupa na kunitazama, macho yale mekundu yametulia kabisa. Niliinua chupa. Niliweka mdomo wa kioo kwenye midomo yangu, nikainamisha kichwa nyuma, nikameza mate yangu ili koo litembee. Midomo yangu ilikuwa imefungwa. Watu wote waliona koo. Yeye alikuwa amesimama karibu kuliko wote. "Tutangoja," Masunga alisema. "Siku saba. Mtu asiwaguse."

Afisa mifugo alifika siku ya pili kwa pikipiki, akiwa amevaa glovu hadi kwenye kiwiko, akamtazama mzoga kutoka mbali na hakuhitaji hata kukaribia. "Kimeta," alisema. Alieleza kwamba mbegu za ugonjwa huo hukaa ardhini miaka mingi, kwamba kiangazi kilipokausha lambo ng'ombe walianza kula majani ya ukingoni na kusukuma matope ya zamani, na pengine mzoga wa kale ulifukiwa pale. Mizoga ichomwe, nyama isiliwe, mifugo yote ichanjwe. Masunga alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na niliona mabega ya kijiji kizima yakishuka. Mimi ningefurahi. Ningeruka. Lakini afisa akaongeza, akivua glovu, "Na maji ya lambo kuanzia mwezi huu mtu asiyanywe," na mimi nikakumbuka plasta.

Chupa nyingi kwenye rafu zilijazwa msimu wa mvua. Nne nilizijaza wiki moja kabla ya nzagamba kuanguka, kutoka ukingo ule ule. Nilikimbia nyumbani, nikaigeuza chupa aliyoinywa. Unyevu ulikuwa umeyafuta maandishi. Nilihesabu zilizobaki mara tano, nikajaribu kukumbuka nafasi yake kwenye rafu, na kila mara nilipata jibu tofauti. Nilifungua daftari la chuo nikasoma kimeta cha tumboni: homa, tumbo, kutapika damu, siku moja hadi saba. Nilimsihi aende hospitali Bariadi. Alinijibu kwamba Masunga amesema siku saba, na akiondoka kabla ya siku saba watasema amekwenda kufia mbali. Alikuwa sahihi. Nilileta dawa kutoka duka la dawa, akameza mbele yangu kwa ajili ya kunituliza, na sikuwa na uhakika kama zilikuwa zinafaa.

Hofu ya wiki ile ndiyo iliyonifanya kuwa nilivyo, nalisema hilo na vyeti vyangu vyote viko ukutani. Kila kulipokucha nililala juu ya pamba bila kujongea nikisikiliza upande wa pili wa ukuta. Kwanza ulikuja ukohozi wake. Kisha mlango. Kisha, kama Mungu amependa, kibuyu kinaanza kutikiswa, chwa, chwa, chwa, na mimi napumua. Siku ya tatu kibuyu hakikusikika. Nilitoka mbio bila viatu, nikamkuta amekaa tu anatazama bonde. "Ng'ombe hawajakamuliwa, nitatikisa hewa?" alisema. Siku ya tano alishika tumbo, nikamkodolea macho. Akacheka. "Njaa hii. Mbona unanitazama kama ng'ombe wa kuuzwa mnadani?" Nilitaka kumwambia. Kila mlo nilitaka kumwambia kwamba sikunywa, kwamba katika zile siku saba ni yeye peke yake aliyekuwa anangoja kifo na mimi nilikuwa nangoja tu. Siku ya saba jioni, Masunga mwenyewe alileta kaa la moto kwenye kipande cha chungu, akaliweka mlangoni, akamsalimia, "Mwadila, mayu." Akaitikia, "Mhola." Mambo yakaisha hivyo. Usiku wake tulikula ugali, kikombe cha maziwa kikanifikia mwisho, kikiwa kimejaa kuliko kawaida. "Malizia," alisema. Nikanywa hadi tone la mwisho, nikakigeuza juu ya sinia. Alitazama kikombe, akanitazama mimi, na sikujua kama nimesamehewa au nimehesabiwa.

Daktari Anneth alinitafutia nafasi ya nje mwaka uliofuata. Kwa mikono hii nimewabandika bakteria kwenye vitufe mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nimeviona vikipita kwenye mirija myembamba kuliko unywele, na jina langu limo kwenye kazi zilizosomwa na watu ambao hawatafika Simiyu kamwe. Popote nilipokuwa nilichemsha kila chupa mara mbili, na wenzangu walinitania kwa hilo. Niliporudi nilimletea Mayu Holo bati jipya, sukari, khanga, miwani ya macho. Alipokea vyote akishukuru, wabeja, wabeja sana. Hatukuitaja chupa hata mara moja.

Sasa Kabula alikuwa amesimama mbele yangu katika chumba kile, ameishika kwa mikono miwili. Alisema mama yake aliihifadhi dirishani upande usio na jua miaka yote hiyo, akiongeza maji kwa kikombe kila yalipopungua, na watoto walichapwa kwa kuigusa. "Alisema nikukabidhi wewe mkononi," Kabula alisema. "Na ujumbe niuseme kama alivyousema, nisiongeze kitu. Alisema, mwambie Mabula alibakiza."

Niliifunga chupa kwenye kiti cha abiria kwa mkanda, nikaendesha polepole hadi Bariadi. Niliwapa wafanyakazi mapumziko ya asubuhi, nikafunga mlango wa maabara. Nikavuta tone moja kwa pipeti kutoka juu ya matope, nikaliweka kwenye kioo, nikasogeza sumaku upande wa kushoto. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha ukingoni mwa tone vikaanza kuonekana vidoa, viwili, kumi, halafu kundi zima, wanakimbilia sumaku kama ng'ombe waliosikia mluzi. Nilihamisha sumaku kulia, wakageuka. Kikombe cha bati kiliwaweka hai muda wote ule, bila diploma yoyote.

Nilijua pia ni nini kingine kinachoweza kukaa katika matope miaka mingi bila kufa. Hakuna mtu Bariadi nzima anayelijua hilo kuliko mimi. Nilivuta tone la pili. Mkono wangu, ule usiotetemeka, ulitetemeka hadi pipeti ikagonga meno, nikaliweka tone lile ulimini, nikafunga mdomo, nikameza.

Naandika haya siku ya nne. Asubuhi nimepima joto la mwili mara tatu. Tumbo limetulia. Chupa iko dirishani, upande usio na jua, nami nimeiongezea maji.